Shajara ya kozi ya Wood Badge: miezi 14 ya kufuatilia shanga

12 Januari: Tunapoanzia

Kozi yetu iliyopita ilikuwa na washiriki 24. Kambi ilifana, picha zilipendeza, na siku ya kuagana watu wazima na ndevu zao walitoa machozi. Miezi 18 baadaye, waliokamilisha mradi wa kikosini na kuvishwa shanga walikuwa 7. Wale 17 waliobaki hawakuacha uskauti. Wapo, wanaongoza vikosi vyao vilevile walivyokuwa wakiviongoza kabla hawajaja kwetu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Sasa nimekabidhiwa ukuu wa kozi ijayo. Naandika shajara hii ili atakayenipokea asianze sifuri, na wenzetu wa kwingine wachukue kinachowafaa. Bei sitaziandika, kila mahali zina zake. Gharama nitazihesabu kwa saa, kwa siku za watu na kwa vifaa.

Kwa asiyeijua: Wood Badge ni mafunzo ya juu ya watu wazima wanaojitolea kulea maskauti. Kozi ya kwanza ilifanyika Gilwell Park, Uingereza, tarehe 8 hadi 19 Septemba 1919, chini ya Francis Gidney. Kila chama cha taifa huipanga kwa namna yake, lakini mifupa ni ileile: nadharia kidogo, kambi ambamo watu wazima wanaishi kama kikosi cha vijana, halafu miezi kadhaa ya kutekeleza walichojifunza nyumbani kwao. Mwisho wake ni skafu ya Gilwell, pete yake ya ngozi iliyosukwa, na shanga mbili za mti kwenye uzi wa ngozi.

26 Januari: Simu 17

Niliwapigia wote ambao hawakumaliza. Kazi ilichukua jioni 6, kama saa 9 kwa jumla, na ndizo saa nilizozitumia vizuri kuliko zote katika mradi huu.

Nilijiandaa kusikia "sina muda". Waliosema hivyo walikuwa 3. Wawili sikuwapata, mmoja amehama. Wengine 11 walisema jambo moja kwa maneno tofauti: hawakujua kama walichofanya kinatosha, na hakuna aliyewauliza. Mmoja alinijibu, "Kiongozi, mimi nilimaliza zamani, nikakaa nikiwasubiri nyie." Nikanyamaza, maana alikuwa na haki.

Nikatoa fomu zao kwenye faili. Karibu kila lengo lilianza na "kuboresha", "kuimarisha" au "kuhamasisha". Kuna iliyosomeka hivi tu: "Kuimarisha mfumo wa patroli." (Patroli ni kundi dogo la maskauti ndani ya kikosi, lenye kiongozi wake kijana.) Imarisha mpaka wapi? Nani atajua umeimarika? Sahihi chini ya fomu ile ni yangu mimi. Niliipitisha saa nne usiku wa siku ya mwisho, pamoja na nyingine 5, nikiwa na usingizi.

9 Februari: Ratiba ya kwanza, na ilivyotupwa

Niliandika ratiba ya siku 6 yenye vipindi 31. Mzee mmoja aliyekula chumvi nyingi kwenye kazi hii aliisoma mpaka mwisho, akaniuliza: "Na patroli zitaishi saa ngapi?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimejaza kila dakika kwa mafundisho kuhusu patroli, bila kuiachia patroli dakika hata moja ya kuwa patroli.

Baden-Powell, mwanzilishi wa uskauti, alipofanya kambi ya majaribio kisiwani Brownsea, Uingereza, mwezi Agosti 1907, aliwagawa wavulana kama 20 katika patroli nne, kila moja na kiongozi wake kijana. Kazi ilikuwa ya patroli nzima, na lawama vilevile. Mtu mzima anayekuja kwetu ameshasoma hayo mara nyingi. Asichokuwa nacho ni kuyaonja: kupangiwa zamu na mtu aliyemfahamu jana, kuchelewa kwa sababu ya uzembe wa mwenzake, kukosea mbele za watu.

Ratiba mpya ina vipindi 19. Vilivyoondoka ni historia ndefu, muundo wa chama, na ujazaji wa fomu za safari. Hivyo tumeviweka kwenye kijitabu wanachosoma kabla ya kuja. Kambi tumeigawa mara mbili, siku 3 na siku 3, na wiki 4 katikati. Sababu ya kwanza ilikuwa kazi za watu, maana wengi hawapati ruhusa ya siku 6 mfululizo. Baadaye nimeona zile wiki 4 zilikuwa bahati kuliko akili.

1 Machi: Kuwanoa wawezeshaji

Tupo 9. Kosa langu hapa ni kudhani kiongozi hodari wa kikosi ni mwezeshaji hodari wa watu wazima. Tulikaa siku mbili, kila mtu akaendesha kipindi cha dakika 15 huku mwenzake ameshika saa na kuhesabu dakika anazozungumza yeye mwenyewe. Wa kwanza alizungumza dakika 14, halafu akauliza, "Kuna swali?" Mimi nilizungumza 12, na kipindi changu kilihusu kusikiliza.

Tukajiwekea sheria: theluthi moja ya muda ni ya mwezeshaji, mbili za washiriki. Anayepitiliza anaonyeshwa kadi ya njano na mwenzake wa nyuma. Kadi tumezikata kwenye jalada la daftari. Mkichukua kitu kimoja tu kwenye shajara hii, chukueni hizo kadi.

Gharama: siku 18 za watu, karatasi kubwa za ukutani 20.

5 hadi 7 Aprili: Kambi, sehemu ya kwanza

Washiriki 24, patroli 4 za watu 6. Kufungua, bendera, ukaguzi wa vifaa, yote yalikwenda kama kawaida, sina la kuandika.

La kuandika ni usiku wa kwanza. Upepo ulianza kama saa tatu. Patroli moja walikuwa wamefunga kamba za hema lao kwenye vigingi vilivyosimama wima kama mishumaa, badala ya kuvilaza kwa nje. Kigingi cha kona kikachomoka, turubai likaanza kupiga makofi. Watu 6 walitoka na tochi, kila mmoja akitoa amri yake. Kiongozi wao wa siku, mwalimu wa hesabu, alisimama katikati kashika nyundo ya mbao akitafakari. Ndipo mwezeshaji wetu mmoja akatokea gizani, akamchukulia nyundo mkononi, pa, pa, pa, dakika tatu hema limesimama. "Laleni salama."

Asubuhi tulimpongeza. Tulipokuja kutathmini siku ndipo mwalimu yule aliponyoosha mkono: "Mimi jana nilikuwa karibu kuamua. Niliponyang'anywa nyundo, nikaona niende nikalale tu. Sasa nimekumbuka vijana wangu. Nawafanyia hivyohivyo kila Jumamosi."

Kimya kilichofuata kilikuwa kirefu. Mwezeshaji mwenyewe ndiye aliyekivunja kwa kuomba radhi. Tuliketi usiku ule tukakubaliana: mwezeshaji anaingilia kati pale tu ambapo mtu anaweza kuumia. Hema likianguka bila kuumiza mtu, lianguke. Mikono mfukoni. Siku ya tatu patroli nyingine ilikosa kifungua kinywa kwa sababu hakuna aliyejipangia kuwasha moto, nasi tukaangalia tu. Nakiri ilikuwa vigumu kuliko kufundisha.

Jambo la pili ni ugomvi. Patroli ya pili walitibuana siku ya pili mchana: wawili wenye vyeo vya juu makwao walikuwa wakivutana, mmoja akaanza kula peke yake. Wawezeshaji wawili walitaka tuwatenganishe na kuchanganya patroli upya. Nilikataa, ila kwa sababu isiyo nzuri: nilikuwa nimeshachapisha orodha. Sababu nzuri niliikumbuka baadaye. Mwanasaikolojia Bruce Tuckman alieleza mwaka 1965 kwamba kikundi kidogo hupitia hatua, na kati ya kujuana na kufanya kazi kuna hatua ya kuvutana. Tungewachanganya, wangeanza kujuana upya na wasingefika kokote.

Tulichofanya ni kuwapa zana: duara la "Acha, Anza, Endelea". Kila mtu anamwambia mwenzake jambo moja la kuacha, moja la kuanza, moja la kuendelea nalo. Mara ya kwanza tuliliendesha vibaya, likageuka kuwa kikao cha kusutana. Marekebisho yalikuwa mawili. Kwanza, "Endelea" inatangulia. Pili, unataja kitendo ulichokiona, si tabia ya mtu: "Jana ulipanga zamu bila kutuuliza", badala ya "Wewe ni mbabe." Mara ya pili lilikwenda dakika 40 bila mtu kuondoka.

3 Mei: Sehemu ya pili, na zoezi lililotutia aibu

Watu walirudi 23. Mmoja aliuguliwa nyumbani, tumemwekea nafasi kozi ijayo. Na hapa ndipo ile bahati ya wiki 4 ilipoonekana. Walikuwa wamekwenda makwao, wakajaribu, wakaangukia pua. Maswali waliyokuja nayo hayakufanana na ya Aprili. Mwezi uliopita waliuliza, "Patroli inatakiwa iwe na watu wangapi?" Sasa: "Nimemwachia kiongozi wa patroli aendeshe mkutano, akawa anawatukana wadogo. Nifanye nini?"

Kipindi cha kuwalinda vijana dhidi ya madhara tulikifanya kwa maneno asubuhi. Wote waliitikia kwa kichwa: mtu mzima hakai faraghani na kijana mmoja, mtu mzima halali hema moja na vijana, hakuna kuahidi siri. Wangepewa mtihani wa kuandika, wote wangepata alama zote.

Usiku, bila kuwatahadharisha, mwezeshaji kijana aliigiza kuwa skauti wa miaka 13. Alimfuata mshiriki mmoja mmoja, 6 kwa jumla, akisema kwa sauti ya chini: "Kiongozi, nina jambo, lakini uniahidi hutamwambia mtu." Wanne kati ya 6 waliahidi. Wawili kati ya hao walimpeleka pembeni, nyuma ya hema, ili asione aibu. Mmoja alianza kumhoji kama polisi: nani, lini, wapi, mara ngapi.

Hawa ni watu wema, na kila mmoja alifanya alichofanya kwa huruma. Ndiyo maana maneno ya asubuhi hayatoshi. Tulirudia zoezi hadi saa tano usiku, kila mtu akisema kwa kinywa chake sentensi aliyojitungia. Ya mama mmoja ndiyo iliyoshika: "Nitakusikiliza, na sitakwenda kutangaza. Lakini ikiwa unaumizwa, kuna mtu itabidi nimwambie ili akusaidie, na nitakwambia ni nani kabla sijamwambia." Kisha mnaketi mahali mnapoonekana ingawa hamsikiki, unaacha mtoto aseme kwa maneno yake, unayaandika mapema kama alivyoyasema, unampelekea anayehusika na ulinzi siku hiyohiyo. Upelelezi si kazi yako.

Kosa letu: hatukuwaambia washiriki kabla ya kambi kwamba kutakuwa na maigizo ya namna hiyo. Mshiriki mmoja lilimgusa vibaya kwa mambo yake ya utotoni, akahitaji mtu wa kukaa naye. Kozi ijayo tunatangaza tangu barua ya mwaliko, na anayetaka kukaa kando anakaa bila kuulizwa sababu.

4 Mei: Swali la mkufu

Hili niliweke fupi, ingawa lilitukalisha saa nzima. Desturi ni kusimulia kwamba shanga za kwanza zilitoka kwenye mkufu wa Dinizulu, mfalme wa Wazulu. Mshiriki akauliza: "Baden-Powell alipewa, au aliuchukua?" Mwezeshaji alianza kusema ni zawadi. Nikamkatisha. Baden-Powell aliupata wakati wa kampeni ya kijeshi ya 1888, jeshi la Uingereza likiwa linamsaka Dinizulu mwenyewe. Tumekubaliana kuisimulia hivyo, bila kuipaka asali. Mtu anayefundishwa kuwaambia vijana ukweli hawezi kuvishwa shanga kwa hadithi ya kubuni. Hakuna aliyezikataa baada ya kusikia, ila waliziangalia kwa namna nyingine.

5 Mei: Kuandika miradi

Hapa ndipo kozi iliyopita ilipofia, kwa hiyo tulipatengea nusu siku nzima, mchana, watu wakiwa macho. Malengo tumeyapunguza kutoka 5 hadi 3. Kila mshiriki alikaa saa 2 na mlezi wake, yaani mwezeshaji atakayemfuatilia mpaka amalize mradi. Tulimtaka mlezi aulize maswali matatu tu: Nani atafanya? Lini? Mimi nikija siku hiyo, nitaona nini kwa macho?

"Kuimarisha mfumo wa patroli" lilirudi tena, herufi kwa herufi, kwenye karatasi ya mama mmoja mwenye kikosi cha vijana 28. Baada ya saa moja na nusu, kufuta mara tano na chozi moja la hasira, lilikuwa limegeuka hivi: "Kufikia 30 Septemba, baraza la viongozi wa patroli litakuwa limekutana mara sita na kupanga programu ya kikosi. Mwenyekiti ni kijana. Mimi naketi nje ya duara na sisemi mpaka niulizwe." Alisoma sentensi ya mwisho mara mbili, akacheka: "Hiyo ndiyo itakayoniua."

Gharama ya sehemu zote mbili za kambi: siku 54 za wawezeshaji, siku 3 za maandalizi ya uwanja, kamba mita 200 (mita 40 hivi zimekatika au kupotea), mahema 2 kuchanika.

20 Julai: Ufuatiliaji, jaribio la kwanza limeshindwa

Walezi 9, washiriki 23. Tulikubaliana kila mlezi atume ujumbe kila mwezi. Walituma. "Habari kiongozi, mradi unaendeleaje?" Majibu 23, yote "vizuri tu" au "tunaendelea". Nilifurahi mpaka nilipomtembelea mmoja wa hao "vizuri tu" nikakuta hajaanza chochote. Hakuwa mwongo. Ukimuuliza Mswahili "inaendeleaje?" amekwishasikia salamu, naye anaitikia salamu.

Tumebadilisha swali. Sasa mlezi anauliza kitu chenye jibu moja: "Jumamosi mkutano uliendeshwa na nani?" "Baraza liliketi tarehe ngapi?" "Patroli ipi ilikwama?" Asiyekuwa na jibu anajulikana papo hapo, na mazungumzo ya kweli ndipo yanapoanza. Pia tumehama kutoka ujumbe kwenda simu, dakika 10, mara moja kwa mwezi.

Walezi wawili walikuwa na watu 4 kila mmoja na wakazidiwa. Tumeomba msaada kwa wale 7 waliomaliza kozi iliyopita, 4 wamekubali. Uwiano sasa ni watu wasiozidi 2 kwa mlezi, na nisingekubali tena zaidi ya hapo.

12 Oktoba: Ziara

Simu pekee hazitoshi. Kila kikosi kinatembelewa mara moja kabla mradi haujahesabiwa umekamilika. Mlezi haji kukagua. Anakaa pembeni na daftari, baadaye anazungumza na vijana bila kiongozi kuongoza majibu, lakini mahali wanapoonekana na wote. Vijana hawafichi. Mmoja alimwambia mlezi, "Siku hizi tunakosea wenyewe."

Ziara zimekula siku 23 za watu pamoja na safari. Ni gharama kubwa kuliko nilivyotarajia. Wakubwa wangu wameniuliza kama hatuwezi kupokea picha badala ya ziara. Nimejibu kwamba faili la kozi iliyopita lilikuwa limejaa picha.

Kasoro: washiriki watatu walibadilishiwa majukumu chamani, vikosi walivyoviandikia malengo si vyao tena. Tumeruhusu kuandika lengo jipya badala ya kuwaacha njiani. Ilitakiwa iwe kwenye kanuni tangu mwanzo.

8 Machi: Mahali tulipo

Miezi 10 tangu kambi iishe: 15 wamekamilisha, 6 wanaendelea na kila mmoja najua amekwama wapi, 2 wameacha na wametuambia kwa nini. Shanga tumeacha kuzigawa kwenye hafla moja kubwa. Tunazipeleka kikosini, mbele ya vijana wenyewe, kwa sababu ndio mashahidi.

Jumamosi iliyopita tulikwenda kwa yule mama wa vijana 28. Tulifika watu watatu na skafu zetu za Gilwell, shanga zimefungwa kwenye kitambaa mfukoni mwangu. Mlangoni tulikutana na msichana wa miaka kama 13 mwenye daftari. Akatusalimia kwa adabu zote, akasema: "Shikamooni. Baraza halijaisha, naomba msubiri hapa nje." Nikamwambia tumekuja kumwona kiongozi wenu. Akajibu, "Najua. Na yeye anasubiri."

Kweli. Alikuwa ameketi kwenye benchi lile la nje, upande wa pili, miguu ameinyoosha. Alitusogezea nafasi. Tulikaa dakika 20.

Kinachobaki kabla ya kozi ijayo: barua ya mwaliko yenye tahadhari ya maigizo, kanuni ya kubadili lengo, kamba mpya mita 50, na kumtafuta mwezeshaji mmoja kuziba nafasi yangu ya kipindi cha kusikiliza. Mwezi Mei bado nilionyeshwa kadi ya njano mara mbili.